Mali ya Mwenye Kosa na Haki ya Watoto Wake

Sote tunajua habari ya Naboti katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Alikataa kumwachia mufalme Ahabu shamba lake la mizabibu. Basi Yezabeli akaweka mashahidi wa uongo, Naboti akapigwa mawe, na mufalme akashuka kutwaa shamba. Tuangalie vizuri: shamba ndilo lililoleta hukumu. Azabu ya kunyanganywa mali ina hatari hiyo tangu zamani, kwamba anayehukumu ndiye anayerithi.

Hata hivyo azabu yenyewe ina sababu nzuri. Mwizi akifungwa miaka mitatu, kisha akirudi katika nyumba aliyoijenga kwa feza za wizi, watu watacheka tribinali.

Lakini watoto je? Mwaka 556 kaisari Justinian aliamuru mali ya aliyehukumiwa iachiwe watoto ao wazazi wake, isipokuwa kwa kosa la kumuasi kaisari.

Mwaka 1199 Papa Innocent III aliwaandikia watu wa Viterbo juu ya wazushi. Alifananisha uzushi na uasi ule ule, akaamuru mali ya wazushi itwaliwe, na watoto wao wasirithi kitu, hata wale waliobaki katika imani. Sisi wapadri tusipite hapa haraka. Azabu hiyo ilikusudiwa kuogopesha wazazi. Nia tunaifahamu, bali kumuazibu mutoto asiye na kosa hatuwezi kukuita haki. Baadaye, kule kusini ya Ufaransa, hata wafu walihukumiwa, mifupa yao ikafukuliwa, na warithi wakanyanganywa nyumba na mashamba.

Katiba ya Ubelgiji ya 1831 ilikataza kabisa kutwaa mali yote ya mutu kama azabu. Ilibaki njia nyembamba: kutwaa kitu kilichotumika kufanya kosa, ao kilichotoka katika kosa. Njia hiyo ilifika kwetu Kongo katika kitabu cha sheria za azabu cha 1940, pamoja na ulinzi wake: chombo kilichotumika kufanya kosa kinatwaliwa tu ikiwa ni mali yake aliyehukumiwa. Mwizi akiazima velo ya kaka yake asiyejua neno, velo ni ya kaka, na tribinali haina ruhusa ya kuitwaa.