Kanda Iliposhuka Kasansa

Baba yangu mdogo alikuwa na meza ya mbao, na kila siku ya gulio mimi ndiye niliyeifuta vumbi. Juu yake alipanga kanda za muziki kwa safu: kwaya kulia, dansi katikati, Bongo Fleva karibu na mkono wake kwa sababu ndizo vijana walizozitamani zaidi. Pembeni ilikaa redio kaseti iliyofungwa mlango kwa mpira wa baiskeli, ikila mawe sita, kama tulivyoziita betri. Nilikuwa darasa la sita. Kwenye meza hiyo ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kupenda albamu nzima kama anavyopenda ndugu, pamoja na nyimbo zake ngumu.

Nimeikumbuka meza ile baada ya kuisikiliza albamu ya The Zawose Queens, *Maisha*, mpaka nikaijua kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ndipo nikaona inafaa kuandika jinsi muziki ulivyokuwa ukitufikia huku, kabla waliouleta hawajasahaulika.

Kasansa ipo katika bonde la Rukwa, upande wa Mpimbwe, kwenye barabara itokayo Kibaoni kwenda Muze na Kilyamatundu. Ni nchi ya mpunga. Masika ikikolea, gari hukwama na kijiji husubiri. Mjini kwetu ni Mpanda, na ukienda huko unapita ndani ya Hifadhi ya Katavi hadi Sitalike, viboko wakiwa mtoni Katuma. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 tu. Kabla yake tulikuwa Rukwa, na kabla ya Rukwa kuundwa mwaka 1974, Mpanda ilikuwa chini ya Tabora.

Hilo la Tabora lina uzito wake katika muziki. Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, likafunguliwa mwaka 1950 ili kubeba madini ya risasi. Miaka kumi baadaye mgodi ukafungwa, lakini treni ikabaki, ikibeba watu, nafaka na mambo ya mjini. Kwa wazee wetu, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz walikuwa watu wa upande wetu wa reli. Nyimbo zao zikipigwa redioni, baba alisema, "Hao ni wa kwetu."

Redio yenyewe ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilirekodiwa kwenye studio zake, na sahani za santuri zilichapwa Nairobi kwa kuwa hapa nchini hapakuwa na kiwanda. Kijijini santuri ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Wimbo uliupata pale mtangazaji alipoamua kuupiga, ukiisha umeisha. Baba alikuwa na wimbo mmoja alioupenda kwa miaka mingi, na jina la aliyeutunga hakuwahi kulijua.

Kaseti ilibadilisha hayo. Kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1963, lakini kwetu ilienea baadaye sana, redio kaseti zilipoanza kununuliwa kwa fedha za mavuno. Kwa mara ya kwanza mkulima aliweza kuuambia wimbo uanze tena. Kanda zilitoka kwa wauzaji wa jumla Kariakoo, zikapanda treni hadi Mpanda, kisha zikaletwa bondeni juu ya Fuso lililokwenda kuchukua mpunga. Baba mdogo aliziagiza kwa utingo, akizifunga kwenye khanga ili vumbi lisiingie.

Kurudisha kanda nyuma kwa redio kulikula mawe, na mawe yalikuwa ghali. Kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa yangu: nachomeka kalamu ya Bic kwenye tundu lenye meno, nazungusha mpaka utepe ukaze. Mawe yakichoka tuliyaanika juani juu ya bati, na yalitupa nyimbo tatu nne zaidi kabla sauti ya mwimbaji haijaanza kuwa nzito na kuburuzika. Kuruka wimbo usioupenda ilikuwa hasara. Tulisikiliza upande A wote, tukageuza, tukasikiliza upande B wote. Wimbo wa tano, ambao siku ya kwanza ulikuchosha, wiki ya tatu unajikuta unauimba shambani. Ndivyo tulivyofundishwa subira.

Kanda ya Saida Karoli ilishuka hivyo. Albamu yake, *Maria Salome*, ilitoka mwaka 2001, na watu wengi waliijua kwa jina la "Chambua kama karanga". Saida alitoka Bukoba na aliimba Kihaya. Kasansa tulikuwa Wapimbwe, Wafipa na Wasukuma. Mhaya alikuwa mmoja, mwalimu wetu wa hesabu. Hata hivyo gulio lilisimama. Ngoma zilianza, kisha sauti ile nyembamba yenye nguvu ikapanda juu yake, na mama mmoja aliyekuwa akipima dagaa akaacha kopo likiwa limejaa nusu.

Mimi nilichukua daftari nikaanza kuandika maneno kwa sikio la Kipimbwe, bila kujua neno linaishia wapi na lingine linaanzia wapi. Nilimpelekea mwalimu. Aliyasoma, akatoa kalamu nyekundu, akanisahihishia kama imla, akaandika maana pembeni kwa Kiswahili. Sikujua mtu anaweza kulia akisahihisha daftari. "Mwanangu," alisema, "hivi ndivyo wanavyoimba nyumbani." Tangu siku hiyo Bukoba ikawa mahali ninapopafahamu, ingawa sijafika hadi leo. Na mwaka 2016, Diamond Platnumz na Rayvanny walipoufufua wimbo wa "Maria Salome" kwa "Salome", nilisimama mbele ya duka la simu Mpanda nikamweleza kijana wa hapo asili yake, kwa sababu alidhani umezaliwa mwaka ule.

Bibi naye aliisikiliza kanda ile, akakaa kimya mpaka upande A ukaisha. Kisha akamwambia baba mdogo: "Huyu anaimba lugha ya mama yake na mnamnunua. Mimi zangu hamziulizi." Baba mdogo hakujibu. Alichukua kanda iliyoharibika, akaziba vile vitundu viwili vya juu kwa karatasi na gundi ili redio ikubali kurekodi, akamsogezea bibi kiti. Bibi aliimba nyimbo saba za Kipimbwe: za kutwanga, za kubembeleza mtoto, na moja ya msiba ambayo baada yake alinyamaza muda mrefu, na ukimya huo nao umo kwenye utepe.

Biashara ya kanda haikufa kwa siku moja. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuwepo, na COSOTA, chombo cha hakimiliki, ilikuwepo, lakini kopi zilifika bondeni kabla ya orijino. Kopi haina kava. Isiyo na kava haina majina. Mwaka 2013 serikali ilileta stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu, ila kufikia wakati huo gulioni kwetu mteja alikuwa anakuja na simu ya Kichina na memori kadi. Kijana mwenye kompyuta na sola alimwekea nyimbo mia kwa mkupuo. Nilizitazama nyimbo hizo kwenye kioo: "Track 01", "Track 02". Mwimbaji alikuwa amegeuka namba.

Sisemi kwamba memori ilileta hasara tupu. Waimbaji wa Kisukuma, kama Bhudagala, walitumia njia hiyohiyo kufika kila boma la bonde hili bila kungoja Kariakoo iwakubali. Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao walikuja na mashindano ya Wagika na Wagalu, vyama vyao viwili vya ngoma. Leo ng'ombe wanachungwa kwa nyimbo zilizotoka studio. Huo ni muziki unaojitegemea, na nauheshimu.

Na *Maisha* imenifikia kwa simu. Pendo Zawose wa The Zawose Queens ni binti wa marehemu Hukwe Zawose, gwiji wa muziki wa Kigogo aliyeishi Bagamoyo na kufariki mwaka 2003. Leah, mwenzake katika kundi, ni mjukuu wa Hukwe. Kwa miaka mingi wanawake wa ukoo ule waliimba nyuma ya mzee. Juni 2024 walitoa albamu kwa jina lao wenyewe, na ala za ilimba na zeze, na ngoma za muheme, ziko humo pamoja na mitambo ya kisasa. Sijui Kigogo. Nimeisikiliza kwa utaratibu wa meza ile: wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuruka, jioni baada ya jioni. Siku ya nne wimbo uliokuwa umenishinda ukanifungukia.

Kanda ya bibi niliipeleka Mpanda ikahamishiwa kwenye memori. Bibi hayupo tena, na baba mdogo aliuza meza. Nilipoulizwa faili liitwe nini, niliandika jina lake lote, jina la Kasansa, na majina ya nyimbo saba, moja moja.

Msomaji, simu uliyonayo mkononi inarekodi vizuri kuliko redio ile ya mpira wa baiskeli. Mwenye nyimbo yupo nyumbani kwako, anachambua mchele. Msogezee kiti leo, umsikilize mpaka mwisho, na uandike jina lake.