Ndege na Ua: Katika Mbao za Japani na Katika Kanga Zetu

Mtu asafiriye kutoka Bujumbura kwenda Rumonge kwa njia ya ufukweni hupita Kabezi, na katika safari hiyo huwaona akina mama waliojifunga kanga. Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuisoma kanga kwa jina lake, yaani yale maneno yaliyopigwa chapa juu yake. Picha iliyo katika mji wake twaipita bila kuitazama. Tunaona kwamba hilo ni kosa, na historia ya Japani yatuonyesha sababu.

Tangu mwaka 1765 mafundi wa Edo, ndio Tokyo ya leo, walipiga chapa picha za rangi nyingi kwa mbao ngumu za mti wa cheri. Mchoraji alichora, mchongaji akachonga ubao kwa kila rangi, na mpiga chapa akaikandamiza karatasi. Ndege na maua vikawa fungu zima la sanaa hiyo. Hiroshige (1797-1858) alichora ndege juu ya tawi lenye maua, na mara nyingi kando yake pakawekwa shairi fupi. Picha na maneno vilisomwa pamoja.

Kanga nayo ni vivyo hivyo. Wazee husimulia kwamba ilipewa jina la ndege kanga kwa ajili ya madoadoa yake. Katika karne ya 19 mafundi wa Zanzibar walipiga nakshi kwa mihuri ya mbao. Baadaye viwanda vya Ulaya, India na Japani yenyewe vikatengeneza kanga za kuuzwa Afrika ya Mashariki. Maneno yaliongezwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha za Kilatini.

Picha za Edo zilikuwa bidhaa rahisi, zikinunuliwa na watu wa kawaida. Leo zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Kanga kuukuu, kwa upande wake, hugeuka ubeleko, kisha tambara la jikoni, na jina lake likapotea pamoja nayo.

Basi twawaomba walimu wenzetu: kabla kanga ya bibi haijachanika, wanafunzi na wainakili yote, pindo, mji na jina. Kisha wamwulize bibi kwa nini aliinunua, na ua lile lamwambia nini. Jibu lake litakuwa somo la historia lisilopatikana kitabuni.