Mtoto mchanga asipoongeza uzito: kumwongezea maziwa bila kumwachisha titi

Mama aliyejifungua salama Nakuru mara nyingi hurudi nyumbani kabla maziwa hayajajaa. Akienda kliniki, mtoto huwekwa kwenye mizani na muuguzi akasema bado hajafikia uzito wa kuzaliwa. Hapo kila jirani huwa daktari. Huyu analeta maji ya glukosi, yule maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa, shangazi naye keshanunua maziwa ya kopo.

Kupungua siku za mwanzo ni jambo la kawaida. Mtoto wa kilo 3 akishuka hadi kilo 2.8 siku ya tatu, hakuna cha kutisha. Akifika kilo 2.7, hiyo ni asilimia 10, naye achunguzwe. Kwa kawaida uzito wa kuzaliwa hurudi ndani ya wiki 2, kisha mtoto huongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku. Apimwe uchi, kwenye mizani ileile, na uzito uandikwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Nepi iliyolowa inaweza kumdanganya muuguzi.

Kabla ya kuongeza chochote, atazamwe akinyonya. Mara nyingi tatizo ni namna anavyoshika titi: ameshika chuchu tupu badala ya kujaza kinywa, mama anaumia, maziwa yanabaki ndani. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Mtoto mwenye usingizi mwingi aamshwe. Kwetu Pwani mzazi hupikiwa uji wa pilipili manga, Nakuru hupewa njahi. Vyote ni chakula kizuri, lakini kinacholeta maziwa hasa ni titi kunyonywa na kukamuliwa. Pia kuna mama ambao maziwa yao ni machache kweli, kwa mfano baada ya kutokwa na damu nyingi au kipande cha kondo kubaki tumboni. Hao wasilaumiwe.

Ikibidi kuongeza, cha kwanza ni maziwa ya mama mwenyewe. Mtoto anyonye, kisha mama akamue kwa mkono na kumpa kwa kikombe kidogo, amemkalisha wima, akilamba mwenyewe bila kumiminiwa. Chupa inaweza kumfanya akatae titi. Baadhi ya wauguzi hubandika mrija mwembamba kando ya chuchu, mtoto apate nyongeza huku akinyonya. Maziwa ya kuchangiwa yako kwenye benki ya maziwa ya hospitali ya Pumwani, Nairobi, iliyofunguliwa 2019, lakini hayo hasa ni ya watoto wagonjwa na njiti.

Maziwa ya kopo yana nafasi yake, kwa ushauri wa kliniki na kiasi kilichopimwa. Siku ya pili ya maisha, vijiko vidogo viwili vitatu kwa mlo vinaweza kutosha. Unga ukorogwe kama kopo linavyoelekeza. Kuuzimua ili kopo lidumu ni kumnyima mtoto chakula. Maziwa ya ng'ombe hayamfai kabla ya mwaka mmoja.

Nakuru ina jambo lake la pekee, na sisi wa Pwani tuliozoea kulalamikia chumvi tunaweza kulisahau: maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Meno ya kahawia ya wenyeji ndiyo ushahidi. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Maziwa ya mama huwa na floridi kidogo sana hata kama yeye anakunywa maji hayo. Basi wa kopo atafute maji ya mvua au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, kisha ayachemshe.

Mtoto aliyelegea, asiyetaka kunyonya, mwenye homa au mwili baridi, mwenye manjano machoni yanayozidi, au asiyekojoa, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kufikia siku ya sita, nepi 6 zilizolowa kwa siku ni dalili njema.

Uzito ukipanda, nyongeza hupunguzwa kidogo kidogo, mtoto akipimwa tena kila baada ya siku chache, mpaka titi pekee litoshe.