Wimbo wa Pink Floyd uliofika mpaka kwenye mgomo wa shule

Labda mmewahi kusikia redioni ule wimbo wa Kiingereza ambamo watoto wanaimba kwa hasira wakimkataa mwalimu. Ni wa Pink Floyd, na karibu usitoke kabisa kwa namna tunayoujua.

Pink Floyd ni kundi lililoanza London mwaka 1965. Muziki wao huitwa roki ya progresivu: nyimbo ndefu, nyingine zinapita dakika 20, gitaa na kinanda vinazunguka polepole. Sisi tuliozoea kungoja sebene tunaelewa subira hiyo. Wao walijivunia kuuza albamu nzima. Huko Uingereza hawakuwa wametoa singo, ile sahani ndogo ya wimbo mmoja kila upande, tangu mwisho wa mwaka 1968.

Mwaka 1979 walikuwa wanatengeneza albamu The Wall. Roger Waters, mtunzi wao, alikuwa ameandika humo wimbo mfupi juu ya walimu wakali aliokutana nao shuleni kule Cambridge katika miaka ya 1950. Ubeti mmoja, kiitikio, basi. Prodyuza wao, Bob Ezrin wa Kanada, aliona una nguvu ya kupendwa na watu wote. Akamtuma David Gilmour, mpiga gitaa, aende kusikiliza muziki wa disko. Gilmour hakuupenda, lakini mapigo yale yaliingia. Ezrin alipoomba ubeti wa pili ili itoke singo, jibu lilikuwa kwamba wao hawafanyi singo. Basi akaurudia ubeti uleule kwenye mashine, akatafuta sauti nyingine za kuuimba.

Karibu na studio yao kulikuwa na shule, Islington Green. Mwalimu wa muziki, Alun Renshaw, aliwapa watoto 23. Waliimba mara nyingi, sauti zikapangwa moja juu ya nyingine mpaka ikasikika kama shule nzima. Shule ilipewa pauni 1000. Watoto hawakulipwa. Mwaka 2004, wakiwa watu wazima, baadhi yao walianza kudai haki zao za malipo, na mimi siwalaumu.

Singo ilitoka mwezi wa kumi na moja 1979. Ilikaa namba moja Uingereza majuma matano, Krismasi ikiwemo, na mwaka uliofuata ikakaa namba moja Marekani majuma manne. Kundi lile halijapata tena namba moja ya singo katika nchi hizo mbili.

Lakini kilichonifanya niandike ni Afrika ya Kusini. Utawala wa ubaguzi wa rangi ulikuwa umegawa shule kwa rangi ya ngozi, na tangu sheria ya mwaka 1953 watoto weusi walipewa elimu ya kuwaandaa kutumikia. Mwaka 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana, polisi wakawapiga risasi. Mwezi wa nne 1980 wanafunzi wa Cape Town na mitaa yake wakagoma: vitabu vilikosekana, majengo yalikuwa mabovu, na ubaguzi ulikuwa palepale. Wimbo wa Pink Floyd ulikuwa unapigwa kila mahali. Wakauchukua, wakauimba kwenye mgomo wao.

Angalieni jambo hili. Waters aliandika juu ya shule aliyokuwa nayo, akaichukia. Wale wa Cape Town waliimba maneno yaleyale wakitaka shule iliyo bora. Hapa kwetu Kivu, ambako madarasa mengine yamelaza familia zilizokimbia vita na watoto wanangoja nje, mama mmoja akisikia wimbo wa kukataa shule anaweza kushangaa. Mimi pia nilishangaa, mpaka nilipojua ni akina nani waliouimba mwaka ule.

Mwezi wa tano 1980 serikali ya Afrika ya Kusini iliupiga marufuku. Wanafunzi hawakurudi darasani kwa sababu hiyo. Mgomo uliendelea, na katika sehemu nyingine ulifika mpaka mwisho wa mwaka.