Kura ya Vijana katika Fasihi: Historia Fupi ya Tuzo ya Goncourt ya Wanafunzi

Kwa muda mrefu fasihi iliyofundishwa shuleni ilifuata njia moja. Mtu mzima aliandika, mtu mzima alichapisha, mtu mzima alisifu; kijana alipewa kitabu kilichokwisha kusifiwa, akitakiwa akieleze katika mtihani. Tuzo ya Goncourt ya Wanafunzi, iliyoanzishwa nchini Ufaransa mwaka 1988, iligeuza sehemu moja tu ya utaratibu huo: ilimpa kijana kura. Makala haya yanakusudia kufuata historia ya kura hiyo kwa kuongozwa na swali moja. Je, hukumu ya vijana ni mwangwi wa hukumu ya wazee, au ina sauti yake yenyewe?

1. Tuzo ya wazee

Haiwezekani kuieleza tuzo ya wanafunzi bila kuanza na ile iliyoizaa. Mwandishi Edmond de Goncourt, aliyefariki mwaka 1896, aliacha wasia kwamba mali yake itumike kuunda baraza la waandishi kumi. Baraza hilo lilitoa tuzo yake ya kwanza mwaka 1903, na tangu mwaka 1914 hukutana katika mkahawa wa Drouant mjini Paris. Fedha za tuzo ni kidogo mno: siku hizi ni hundi ya euro 10. Thamani yake imo katika heshima, kwani riwaya iliyoteuliwa huuzwa kwa maelfu na maelfu.

Kwa msomaji wa Afrika, historia ya baraza hilo ina tarehe mbili zisizosahaulika. Mwaka 1921 tuzo ilimwendea René Maran kwa riwaya yake *Batouala*. Naye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuipata. Maran, ambaye wazazi wake walitoka Guyana, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Oubangui-Chari, na kitabu chake kiliwaudhi sana watetezi wa ukoloni. Ilipita miaka 100 kamili kabla ya Mohamed Mbougar Sarr wa Senegali, mwaka 2021, kuwa mwandishi wa kwanza kutoka Afrika iliyo kusini mwa Sahara kuipokea tuzo hiyo. Tarehe hizo mbili ziwekwe akilini, maana zitahitajika mbele.

2. Kuzaliwa kwa tuzo ya wanafunzi

Tuzo ya wanafunzi haikuzaliwa Paris. Ilizaliwa Rennes, katika jimbo la Bretagne, kwa ushirikiano wa mamlaka ya elimu ya huko na kampuni ya Fnac yenye maduka ya vitabu, na kwa idhini ya baraza la Goncourt lenyewe. Shabaha ilikuwa ya kielimu: kuwavuta vijana wasome riwaya za waandishi walio hai, badala ya kuwajua wale tu waliokwisha kufa na kuingia katika muhtasari wa masomo.

Utaratibu wake ni rahisi kuueleza, ingawa ni mgumu kuutimiza. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo, mwezi wa Septemba, baraza la wazee hutangaza orodha yake ya kwanza, ambayo kwa kawaida huwa na riwaya zipatazo kumi na tano. Orodha hiyohiyo hukabidhiwa wanafunzi wapatao 2,000 wa sekondari ya juu, katika madarasa yapatayo hamsini. Miongoni mwa shule hizo zimo za masomo ya jumla na zile za ufundi. Madarasa hupewa vitabu, wanafunzi huvisoma kwa muda wa miezi miwili hivi, na hukutana na waandishi wenyewe na kuwahoji. Kisha kila darasa hujadiliana na kumchagua mjumbe. Wajumbe hukutana kimkoa. Na mwezi wa Novemba wajumbe wa mikoa hukutana Rennes kutoa uamuzi wa mwisho.

Jambo moja lastahili kusisitizwa. Riwaya hizo hazikuandikwa kwa ajili ya vijana. Hazikurahisishwa lugha wala kupunguzwa ukali wa mambo yake. Kijana wa miaka kumi na sita huwekewa kitabu kilekile alichowekewa mjumbe wa Drouant, naye hutakiwa aseme anachokiona.

3. Mwangwi au sauti?

Miaka ya mwanzo ingeweza kumfanya mtu ajibu kwamba ni mwangwi. Mwaka 1988 wanafunzi walimchagua Erik Orsenna, na wazee vilevile. Mwaka 1989 walimchagua Jean Vautrin, na wazee vilevile. Mwaka 1995 pande zote mbili zilikubaliana tena juu ya Andreï Makine, mzaliwa wa Urusi aliyeandika kwa Kifaransa. Lakini tangu mwaka 1995 hadi mwaka 2024 hukumu hizo mbili hazikukutana tena hata mara moja. Vijana walikwisha kushika njia yao.

Tena, si kweli kwamba njia hiyo ni ya kitoto. Mwaka 2002 wanafunzi walimteua Laurent Gaudé. Wazee walimpa tuzo yao mwaka 2004, kwa kitabu kingine. Mwaka 2010 wanafunzi walimteua Mathias Énard. Wazee walimfikia mwaka 2015. Mara mbili hizo mkubwa alikuja kukaa kwenye kiti ambacho mdogo alikwisha kukipangusa vumbi.

4. Vitabu vya Afrika mikononi mwa vijana

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi pale vitabu vya Afrika vinapohusika. Mwaka 2000 wanafunzi walimchagua Ahmadou Kourouma wa Kodivaa kwa riwaya yake *Allah n'est pas obligé*. Mwaka huohuo kitabu hicho kilipata tuzo ya Renaudot, ambayo nayo hutolewa na watu wazima. Lakini baraza la Goncourt lilimchagua mwandishi mwingine. Kwa hiyo vijana waliitia Afrika iliyo kusini mwa Sahara katika orodha ya Goncourt yao miaka 21 kabla ya wazee.

Riwaya ya Kourouma yafaa kutazamwa kwa makini na wanaisimu. Msimulizi wake, Birahima, ni mtoto aliyeingia jeshini katika vita vya Liberia na Sierra Leone. Mkononi ana kamusi nne, na kila mara husimamisha masimulizi ili aeleze neno: mara kwa Mwafrika asiyejua Kifaransa cha wasomi, mara kwa Mfaransa asiyejua Kifaransa cha Afrika. Kourouma aliitabaruku riwaya hiyo kwa watoto wa Jibuti, akisema kwamba ndio waliomwomba aiandike. Yaani kitabu kiliagizwa na watoto, kikasimuliwa na mtoto, kikateuliwa na vijana.

Msomaji wa Kongo hakuhitaji kamusi hata moja kumwelewa Birahima. Tangu vita vya mwaka 1996 na 1997, Kiswahili cha nchi hii kina neno lake: *kadogo*. Kiambishi *ka-*, ambacho sarufi ya Kiswahili sanifu haikukipa nafasi kubwa katika udogishaji, kilitoka katika mazungumzo ya nyumbani kikaenda kubeba bunduki. Neno lililokuwa la mapenzi kwa mtoto likawa jina la askari.

Baada ya Kourouma walifuata wengine. Mwaka 2006 walimchagua Léonora Miano wa Kameruni, aliyesimulia habari za binti aliyefukuzwa na mama yake kwa kudhaniwa kuwa chanzo cha balaa, jambo ambalo miji ya Kongo inalijua vyema. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura, kwa *Petit Pays*, riwaya ya utoto uliovunjwa na mauaji ya Burundi ya mwaka 1993 na mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994. Wengi wa waliompigia kura walikuwa hawajazaliwa mambo hayo yalipotokea. Mwaka 2018 walimteua David Diop, kwa kisa cha askari Wasenegali katika vita vya 1914 hadi 1918.

Mwaka 2020 walimteua Djaïli Amadou Amal, pia wa Kameruni, kwa *Les Impatientes*. Wanawake watatu wa riwaya hiyo huambiwa neno moja katika kila dhiki ya ndoa: *munyal*, ambalo kwa Kifulfulde ni subira. Mswahili aliyelelewa kwa methali kwamba subira huvuta heri hana budi kusita hapo, kwani Amal anauliza heri hiyo huvutwa kwa ajili ya nani.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba vijana hao huchagua Afrika kwa huruma. Mwaka 2021, wazee walipompa Sarr tuzo yao, wanafunzi walimchagua Clara Dupont-Monod, Mfaransa, kwa riwaya juu ya familia yenye mtoto mlemavu. Wanachokirudia kukichagua ni maisha ya mdogo mbele ya nguvu inayomzidi, popote anapotoka.

5. Mipaka ya kura

Kura hiyo ina mpaka wake. Vijana huchagua, lakini hawapangi orodha. Orodha hupangwa na wazee, nayo hutegemea wachapishaji wa Ufaransa. Kitabu cha Amal kilitoka kwanza Yaoundé mwaka 2017 kwa jina la *Munyal, les larmes de la patience*. Hakikuwafikia wanafunzi wale mpaka kilipochapishwa upya Paris mwaka 2020 kwa jina jipya. Neno la Kifulfulde lilitoka jaladani ili kitabu kipite mlangoni.

6. Hitimisho

Swali lililoulizwa mwanzoni limepata jibu. Hukumu ya vijana ilianza karibu na ile ya wazee, ikajitenga nayo, na mara kadhaa ikaitangulia. Yaliyowezesha hayo si mambo makubwa: vitabu vya kutosha darasa zima, miezi miwili ya kusoma, na ahadi kwamba neno la mwanafunzi litaheshimiwa.

Kwa lugha ya Kiswahili somo hili ni la karibu. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, imewainua waandishi wengi, lakini waamuzi wake ni wataalamu. Kijana wa Bukavu, wa Lubumbashi au wa Kisangani, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya kila siku, angeliweza naye kuketi na wenzake mbele ya riwaya chache za lugha hiyo na kusema ipi inastahili. Kabla ya kura lazima viwepo vitabu. Na kabla ya vitabu lazima awepo mtu mzima anayeamini kwamba kijana huyo ana la kusema. Historia ya Rennes inaonyesha kwamba imani hiyo haikupotea bure.