Mkono wa trafiki ulikotoka

Wasomaji wangu, leo tuongelee ule mkono. Unaujua. Uko zako barabarani, redio inaimba, mara mtu mwenye sare nyeupe anatoka chini ya mwembe, ananyoosha mkono, kisha anakuonyesha kwa kidole pembeni ya barabara. Hata kama huna kosa lolote, tumbo linacheza. Unaanza kujikagua: bima imeisha lini? Stika iko wapi? Taa ya breki si ilikuwa inawaka jana?

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini tendo dogo kama hilo, la mtu kumsimamisha mtu, linakuwa na harufu ya ugomvi kabla hata ya salamu. Jibu nadhani liko kwenye historia, kwa hiyo tuanzie mbali.

Tarehe 28 Januari 1896, huko Kent, Uingereza, bwana mmoja aitwaye Walter Arnold alipita mbele ya nyumba ya polisi akiendesha gari lake kwa mwendo wa maili nane kwa saa, yaani kama kilomita 13. Leo baiskeli ya muuza maziwa inampita. Lakini sheria ya wakati ule iliruhusu maili mbili tu kwenye makazi ya watu. Polisi alikuwa anakula chakula chake. Aliacha sahani, akavaa kofia, akapanda baiskeli na kumfukuza Arnold kama maili tano hadi akamkamata. Faini ya mwendo kasi ilikuwa shilingi moja, na kulikuwa na mashtaka mengine juu yake, mojawapo ni kwamba gari lilikuwa na watu wachache kuliko watatu waliotakiwa kulisimamia. Anatajwa kuwa mtu wa kwanza Uingereza kupatikana na hatia ya kuendesha gari kwa kasi. Mwaka huohuo sheria ilibadilishwa na kasi ikapandishwa hadi maili 14.

Mwaka 1903 ikaja sheria ya magari iliyoleta vitu tunavyovijua mpaka leo: namba za usajili, leseni ya dereva (ya kulipia tu, mtihani haukuwepo!), kikomo cha maili 20 kwa saa, na wajibu wa dereva kumwonyesha polisi leseni anapoidai. Angalia vizuri hapo. Sheria ilieleza dereva atoe nini. Polisi aseme nini, amsalimu au asimsalimu, amwambie kosa kwanza au adai leseni kwanza, hayo yaliachwa kwa hekima yake. Kilema hicho kilizaliwa na mtoto na mtoto amekua nacho.

Basi polisi wa Uingereza wakaanza kujificha kwenye vichaka na saa za kupimia mkononi. Mmoja anakaa mwanzo wa kipande cha barabara, mwingine mwisho, wanapiga hesabu. Wenye magari, waliokuwa matajiri watupu wakati huo, wakakasirika. Mwaka 1905 wakaanzisha chama chao, Automobile Association, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuajiri vijana wa baiskeli wa kuwatahadharisha wanachama kwamba mbele kuna mtego. Unacheka? Mimi nilicheka sana niliposoma. Maana kule kuwashiana taa kwetu, kwamba "punguza, kuna jamaa mbele", tumekuona kama ujanja wa madereva wa Ubungo na Chalinze, kumbe una babu yake London!

Kesi ikafika mahakamani. Mwaka 1910, katika shauri la Betts dhidi ya Stevens, ikaamuliwa kwamba kumwashiria dereva anayekimbia ili apunguze asinaswe ni kumzuia polisi kufanya kazi yake. Chama hakikushindwa. Kikageuza ishara juu chini. Vijana wake walikuwa na desturi ya kumpigia saluti kila mwanachama mwenye beji ya chama kwenye gari. Sasa mwanachama akaelekezwa kwamba kijana asipokupigia saluti, simama umuulize sababu. Nani atamshtaki mtu kwa kutopiga saluti? Mchezo huo uliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Hiyo ni historia ya ugomvi wa matajiri na polisi wao. Kwetu habari ni nyingine, na ndiyo inayouma.

Kwetu mtu alisimamishwa barabarani kabla hajawa na gari. Jirani zetu wa Kenya waliwekewa sheria ya kipande mwaka 1915, na baada ya Vita vya Kwanza ikaanza kutekelezwa. Mwanaume Mwafrika alilazimika kutembea na karatasi yenye jina lake, alama za vidole na habari za mwajiri wake, mara nyingi ikiwa ndani ya kibati kilichoning'inizwa shingoni. Polisi akikusimamisha swali ni moja: kipande kiko wapi? Hakuna habari za asubuhi, hakuna kosa lililotajwa. Wewe mwenyewe kuwa njiani ndiyo kosa, mpaka karatasi ikutetee.

Ukilijua hilo, ile sauti ya "leseni!" inayotoka kabla ya salamu unaisikia kwa sikio jingine. Sisemi trafiki wa leo ni mkoloni. Nasema tabia ya kudai karatasi kwanza na kutafuta kosa baadaye haikuanza na yeye, na hakuna aliyekaa chini kuiondoa.

Upande wa dereva nao una historia yake. Dar es Salaam mwaka 1983, mabasi ya UDA yalipokuwa yamezidiwa, serikali ilikubali magari ya watu binafsi yabebe abiria. Ndipo tukapata daladala, jina linalosemekana kutokana na nauli ya shilingi tano, sarafu iliyoitwa "dala". Pamoja na daladala akaja konda. Na konda, ndugu zangu, alivumbua kitu ambacho hakipo kwenye sheria yoyote: kukutana na trafiki nyuma ya gari. Gari likisimamishwa dereva hashuki. Konda anaruka, anazunguka nyuma, abiria wanabaki wanatazamana. Dakika moja, mbili, bati linagongwa, twende. Nani alisema nini? Kosa lilikuwa lipi? Tairi lililoisha limebadilishwa na nini? Abiria 30 walioweka roho zao ndani ya gari hilo hawajui. Niliwahi kukaa kiti cha mwisho, dirisha wazi, nikasikia mazungumzo yote. Tairi halikutajwa hata mara moja.

Na tusijidanganye kwamba hapa mwenye dhambi ni mmoja. Sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayepokea na anayetoa. Yule anayekunja noti na kuiweka ndani ya leseni "ili tusicheleweshane" naye ni mtuhumiwa, hata akiwa na haraka ya msiba.

Sasa twende Marekani kidogo, maana wenzetu wamelipia somo hili kwa damu. Kule dereva akisimamishwa anabaki ndani, mikono juu ya usukani, wala hashuki. Ukishuka kama tunavyoshuka sisi, na leseni mkononi, "shikamoo afande", unaweza kupigwa risasi. Mwaka 1979 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika shauri la Delaware dhidi ya Prouse, iliamua kwamba polisi hawezi kulisimamisha gari moja hivihivi, kwa kujisikia tu, ili akague leseni na usajili. Lazima awe na sababu ya kulishuku. Ikaacha wazi njia ya kizuizi kinachosimamisha magari yote yanayopita. Wazo lao ni kwamba kila mtu akisimamishwa hakuna anayeonewa.

Uamuzi mzuri, lakini karatasi ni karatasi. Tarehe 10 Julai 2015 huko Texas mwanamke mweusi, Sandra Bland, alisimamishwa kwa kubadilisha njia bila kuonyesha indiketa. Indiketa! Askari akamtaka azime sigara, akauliza kwa nini azime akiwa ndani ya gari lake mwenyewe, mambo yakachacha, akakamatwa. Siku tatu baadaye alikutwa amekufa mahabusu. Ukiitazama video ya tukio hilo utaona jambo lilianza kama onyo la kawaida, likaharibikia kwenye maneno. Mwaka 2017 Texas ilipitisha sheria inayotaka wanafunzi wa sekondari, wanaojifunza udereva na polisi wenyewe wafundishwe namna ya kuenenda gari linaposimamishwa. Yaani walifika mahali pa kukubali kwamba adabu ya pande zote mbili ni somo la darasani.

Kenya walipitia mlango mwingine. Katiba yao ya 2010, ibara ya 49, inasema anayekamatwa aambiwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa, na asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Makosa mengi madogo ya barabarani yanaangukia humo. Uingereza nako, dereva asiye na karatasi wakati huo anaweza kupewa siku saba azipeleke kituo cha polisi anachokichagua mwenyewe. Hebu fikiria ukiambiwa hivyo pale Kibaha.

Sisi tuna Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, iliyoongezwa viraka mara nyingi. Na barabara zetu zinaua, hilo halina mjadala. Waziri mkuu Edward Sokoine alifia barabarani karibu na Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984. Kwa hiyo sina ugomvi na mkono kunyooshwa. Naona tu kwamba mengi yangebadilika kwa mambo ambayo hayahitaji bunge. Trafiki asimame mahali anapoonekana, si baada ya kona, kwa sababu dereva anayekanyaga breki ghafla anagongwa na lori la nyuma. Asalimie. Ataje kosa kabla ya kuomba leseni, si baada ya kuzunguka gari mara tatu akilitafuta. Asichomoe ufunguo. Dereva naye awashe indiketa, atoke kabisa barabarani, azime injini, na usiku awashe taa ya ndani ili askari aone mikono na nyuso. Asianze na "unajua mimi ni nani?" Maneno hayo manne yameharibu kazi ya askari wengi wazuri. Kama hakubali kosa, aseme kwa heshima kwamba hakubali na kwamba yuko tayari kwenda mahakamani, kisha anyamaze. Na konda abaki mlangoni! Mazungumzo yafanyike dirishani, abiria wasikie.

Faini ya papo kwa papo inalipwa kwa namba ya malipo kupitia simu au benki, si mkononi mwa mtu. Hilo limepunguza mazungumzo ya nyuma ya gari, ingawa anayesema yamekwisha hajapanda basi la mkoani karibuni. Halafu kuna tochi, ile mashine ya kupima mwendo. Picha yako inatumwa mbele, deni linaandikwa kwenye namba ya gari, na wengi wanajua walipigwa tochi siku wanaposimamishwa mkoa mwingine kwa jambo jingine kabisa, askari anatazama mashine yake na kuanza kusoma: moja, mbili, tatu. Na dereva, aliyekuwa ameshajiandaa kujitetea kuhusu stika, anabaki anauliza, "Afande, hii ya pili ilikuwa wapi?"