Kishale cha Tungsteni
Uingereza, miaka ya 1970

Tazama kiwiliwili, pale vidole vinaposhika. Kishale cha juu ni cha shaba nyeupe, cha chini ni cha tungsteni. Uzito wao ni mmoja, lakini cha chini ni chembamba zaidi, kwa kuwa tungsteni ina uzito wa zaidi ya mara mbili ya shaba yenye ujazo uleule. Tungsteni tupu huvunjika upesi, hivyo mafundi huichanganya na nikeli.

Wembamba huo ndio uliobadilisha mchezo wa vishale. Kwenye ubao, kipande cha alama ishirini mara tatu kina upana wa milimita 8 tu, na vishale vitatu vinene hugombania nafasi humo.

Mabawa ya nyuma, zamani manyoya ya bata mzinga, yana kazi nzuri ajabu. Kishale kikitoka mkononi kimekaa upande, hewa husukuma mkia mpaka kinyooke, ndani ya mita 2.37 kutoka mstari hadi ubao.

Ubao ni wa katani, nyuzi za mkonge ulioipa Tanga umaarufu, zilizobanwa zikielekeza ncha zake kwa mchezaji. Kishale hupenya baina ya nyuzi bila kuzikata; kikichomolewa, tundu hujifumba.